Siku 60 za bumu, wiki 17 za semesta: hesabu za kuishi Mlimani

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina kalenda mbili. Moja hutolewa na chuo, inaonyesha siku ya kufungua, wiki za masomo na tarehe ya kuanza UE, yaani mitihani ya mwisho wa semesta. Ya pili haibandikwi ukutani, ila kila anayepanda kile kilima anaijua kuliko ile ya kwanza. Ni kalenda ya bumu.

Kwa asiyejua, bumu ni posho ya chakula na malazi inayotoka Bodi ya Mikopo. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 kiwango chake ni hadi shilingi 10,000 kwa siku. Kabla ya hapo kilikuwa 8,500. Inakuja kwa mkupuo wa siku 60, kwa hiyo anayepata kamili anaona 600,000 zikiingia kwa mara moja. Semesta nayo ina wiki kama 15 za masomo na 2 za mitihani, jumla siku 119. Bumu mbili ni siku 120. Kwenye karatasi inabaki siku moja ya ziada, na mtu anaweza kudhani aliyepanga alikuwa fundi.

Lakini karatasi haipandi daladala. Bumu la kwanza haliwezi kutoka kabla hujasajiliwa, kabla orodha ya majina haijafika na kabla hujasaini. Ukiishi siku 12 za mwanzo kwa kukopa, bumu likiingia tayari lina wenyewe. La pili nalo likichelewa siku 8 tu, zile 600,000 zinatakiwa zivute siku 68. Uchelewesho wote huo hautawanyiki. Unajikusanya mwishoni mwa semesta, yaani kwenye UE, yenye alama 60 kati ya 100. Ndiyo maana kila mara utasikia mwanafunzi hodari aliyesapu, yaani aliyefeli na kulazimika kurudia mtihani, kozi aliyokuwa akiwafundisha wenzake kimbwetani, kwenye meza za majadiliano. Somo alilijua. Kilichommaliza ni zile wiki tatu za mwisho alizohama geto hadi geto, yaani vyumba vya kupanga vya wenzake, akitafuta pa kula.

Kwa hiyo nianzie kwenye mambo yanayochelewesha pesa, kwa sababu mengi yanazuilika.

La kwanza ni jina. Bodi inakutambua kwa namba yako ya mtihani wa kidato cha nne, chuo kwa namba ya usajili, benki kwa kitambulisho cha taifa. Kama cheti kinasema Mwanaidi na benki wanasema Mwana Idi, pesa inagonga mwamba na hakuna anayekupigia simu kukuambia. Linganisha herufi kwa herufi kabla hujasafiri. Tofauti ikiwepo, shughulikia kiapo cha majina kwa wakili ukiwa bado nyumbani. Akaunti iwe ya kwako mwenyewe, hai, isiwe ya kaka wala shangazi.

La pili ni usajili wenyewe. Ada na michango hulipwa kwa kontrolo namba unayoitoa kwenye mfumo wa chuo, ARIS. Usilipe kwa namba uliyotumiwa na mtu kwenye kundi la WhatsApp, hata kama ana picha ya jengo la Utawala. Kisha ingia usajili kozi, za lazima na za kuchagua. Hapa wengi hujikwaa: wanadhani kulipa ada ndiko kusajiliwa. Kozi usiyoisajili, hata ukipata 80, matokeo yake hayana pa kukaa. Baada ya wiki ya kubadilisha kozi, rudi uangalie tena orodha yako kama ni ileile.

La tatu ni kusaini. Bumu likifika, jina hutangazwa na unathibitisha kidijitali ndani ya muda uliowekwa. Ukiupitisha, pesa inarudi Bodi, na kuifuata huko ni safari nyingine. Simu iliyosajiliwa iwe mkononi mwako. Kubadilisha laini katikati ya semesta bila kutoa taarifa ni kosa dogo lenye gharama kubwa.

Chumba

Chuo hiki kilianza Oktoba 1961 mtaa wa Lumumba kikiwa na wanafunzi 14 wa sheria, kikahamia kilimani 1964. Kumi na wanne unaweza kuwatafutia vitanda kwa mkono. Leo wako makumi ya maelfu. Hosteli za Magufuli, majengo 20 yaliyofunguliwa Aprili 2017, zinachukua watu 3,840. Ongeza mabweni ya zamani yenye majina ya namba na hosteli ya Mabibo, na bado wanaobaki nje ni wengi. Omba bweni kwenye mfumo siku dirisha linapofunguliwa, na ukipangiwa lipa ndani ya muda, kwa sababu nafasi isiyolipiwa humpata mwingine.

Aliyekosa ana njia mbili. Ya kwanza ni kubebana: aliyepangiwa kitanda anamchukua rafiki, wanalala wawili kwenye godoro la futi mbili na nusu. Haikubaliki kisheria na ni ya kawaida mno. Chumba cha wanne kinakuwa cha wanane, foleni ya bafu inaanza saa 11 alfajiri, na ukaguzi ukija, anayepoteza haki ya bweni ni mwenye kitanda. Mkibebana, kubalianeni mapema nani analipa nini, na nani analala lini siku za testi.

Njia ya pili ni geto: Changanyikeni, Msewe, Ubungo Kibo, Makongo, Savei, Sinza kwa wenye nazo. Hapa ndipo bumu la kwanza linapokufa, na afadhali tulizike kwa hesabu. Chukua chumba cha 60,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka miezi sita, 360,000. Dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja, 60,000. Umeshatoa 420,000, bado hujanunua ndoo. Katika 600,000 zimebaki 180,000 kwa siku 60, sawa na 3,000 kwa siku, na nauli imo humohumo. Mkiwa wawili, kila mmoja ametoa 210,000, anabaki na 390,000, yaani 6,500 kwa siku. Tofauti ya kula na kutokula ni mtu mmoja wa kushirikiana naye chumba. Mchague mtu huyo kwa uangalifu kuliko unavyochagua chumba.

Dalali naye ana pesa ya kukuzungusha, anaidai hata kama vyumba vyote alivyokuonyesha havifai. Mkubaliane kiasi kabla hamjaondoka kituoni. Anayekuomba kodi yote kabla hujamwona mwenye nyumba, au asiyetaka uzungumze na wapangaji waliopo, achana naye. Wapangaji ndio watakaokuambia maji yanatoka siku ngapi kwa wiki na kama masika yanaingia ndani. Nenda ukakione chumba mchana, kisha upite njia yake saa 3 usiku, maana ndiyo saa utakayokuwa unarudi kutoka maktaba.

Umeme uulizie kwa makini. Kwa nyumba zisizo kwenye kundi la matumizi madogo, shilingi 10,000 ya LUKU, umeme wa kulipia kabla, inatoa kama uniti 28. Feni ya wati 50 ikizunguka kwa muda wa saa 10 kila usiku inakula nusu uniti, kama shilingi 180. Jiko la koili la wati 1,000 likiwaka saa moja linakula uniti nzima, karibu 360. Ndiyo maana nyumba yenye mita moja na wapangaji sita haiishi ugomvi: mwenye feni na mwenye koili wanachanga sawa. Tafuta nyumba yenye mita ndogo kwa kila chumba, au mkubaliane kwa vifaa. Na jambo ambalo wageni hawalijui: tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU kila mwezi. Hiyo ni ya mwenye nyumba. Ukiinunulia nyumba umeme, mwombe akurudishie au aipunguze kwenye pango. Waungwana hukubali, wengine hujifanya hawasikii.

Vyombo ndivyo vinavyoonyesha jinsi kalenda zisivyolingana. Mwezi wa 7 wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanauza magodoro, majiko, meza na feni kwa bei ya kutupa kwa sababu basi la mkoani halibebi yote. Mwaka wa kwanza anafika Oktoba au Novemba, wakati vitu hivyo vimeshauzwa mara mbili. Kama una ndugu au jirani aliyeko chuoni, mtumie pesa ya godoro Julai.

Sahani

Wali maharage kwa mama ntilie ni chakula cha haraka, na wala sitamsema vibaya mtu aliyelisha nusu ya wasomi wa nchi hii. Ila ukila mara mbili nje kila siku na kuongeza chai na chapati, zile 6,500 zinaisha kabla hujatoa nakala hata moja. Wanaofika mwisho wa semesta wakiwa wanene kidogo ni wale wanaopika kwa zamu, watu watatu au wanne.

Vipimo: kilo moja ya sembe inatoa ugali wa vijana wanne wenye njaa. Kilo ya mchele ni sahani tano hadi sita. Kilo ya maharage makavu ikivimba na kuiva inakaribia kilo mbili na nusu, bakuli nane au tisa. Loweka maharage usiku kucha na umwage yale maji. Yataiva mapema na gesi haitaisha. Chemsha mengi kwa mara moja lakini yaunge kidogokidogo. Maharage yaliyotiwa nazi hayalali kwenye joto la Dar, kesho asubuhi yameshachacha. Yaliyochemshwa matupu, ukiyachemsha tena jioni na asubuhi na kuyaacha yamefunikwa bila kuyachotea kwa mwiko mchafu, yanafika siku ya pili salama. Usiende siku ya tatu kwa kuhurumia bei. Kuhara wiki ya UE ni ghali kuliko kilo ya maharage.

Kwenye mabweni, koili na hita ni marufuku. Watu wanapika chini ya kitanda hivyohivyo, mpaka siku nyaya za ghorofa nzima zinapozima usiku wa kuamkia testi, ndipo jirani wa chumba cha tatu anakuja kugonga mlango akiwa na hasira za haki.

Ujanja mmoja unaookoa watu: siku bumu linapoingia, kabla hujaonekana kwenye maduka ya Mlimani City, nunua chakula cha wiki mbili za mwisho. Si za mwanzo. Sembe kilo tano, mchele kilo tano, maharage kilo mbili, mafuta lita moja, chumvi. Viweke kwenye ndoo yenye kifuniko, funga vizuri kwa sababu ya fukusi na panya, na usiifungue hadi wiki ya 15 iishe. Pesa unaweza kukopwa. Ndoo ya unga ni vigumu kuikopesha bila kuonekana.

Saa 40 na alama 40

Kwa mfumo wa vyuo vikuu vya Tanzania, mwaka mmoja wa shahada ni krediti 120, na krediti moja ni saa 10 za kujifunza, darasani na nje yake. Semesta ya krediti 60 ni saa 600. Zigawe kwa wiki 15 upate saa 40 kwa wiki. Ni kazi ya ofisini, Jumatatu hadi Ijumaa. Ratiba inaonyesha vipindi vya saa 18 au 20 tu, na hapo ndipo mwaka wa kwanza anadanganyika kwamba chuo ni likizo iliyochangamka.

Kozi za pamoja, kama Taaluma za Maendeleo ambayo kila mtu anaiita DS, hujaza ukumbi wa Nkrumah au Yombo hadi madirishani. Fika nusu saa kabla. Ukikaa nyuma na kipaza sauti kikakoroma, umekuja kuangalia watu. Mhadhara wa watu mia kadhaa unakupa picha ya mada. Alama zinatafutwa semina, kwenye vikundi vidogo, ambako anayesema anaonekana na asiyekuwepo anaonekana pia.

Kawaida alama 40 hutoka kwenye kozi-weki: testi, kazi za nyumbani, wasilisho la kikundi. Kikundi cha kazi kikiwa na watu kumi, wanne wanaandika, wawili wanachapisha, wengine wanauliza kwenye WhatsApp kama imeisha. Kabla kazi haijakusanywa, soma ukurasa wa kwanza mwenyewe: jina lako limo, namba ya usajili haijakosewa tarakimu? Piga picha ukurasa huo. Tunza karatasi ya testi iliyosahihishwa hadi matokeo ya mwisho yatoke, kwa sababu alama inayokosekana kwenye mfumo hurekebishwa kwa ushahidi, na hurekebishwa kirahisi kabla ya UE kuliko baada yake, mhadhiri anapokuwa na rundo la vitabu vya majibu mezani. Mwakilishi wa darasa ndiye mlango wa kwanza. Usimtafute siku ya shida tu.

Kuhusu madesa. Desa ni muhtasari wa kozi uliopita mikono mingi, unatolewa nakala steshenari kila mwaka. Lina faida moja: linaonyesha mpaka wa kozi. Hasara yake ni kwamba kosa la mwandishi wa kwanza linarithiwa. Neno la kukanusha likianguka kwenye sentensi moja, darasa zima linaandika kinyume chake kwenye mtihani, na msahihishaji anatambua desa lilelile la tangu alipokuwa msaidizi. Mitihani iliyopita ina thamani kubwa zaidi. Ikusanye ya miaka mitano, panga maswali kwa mada, utaona mada gani haikosekani na swali linavyobadilishwa nguo.

Pa kusomea pako. Maktaba mpya iliyofunguliwa Novemba 2018 inakaa watu 2,100 kwa wakati mmoja. Wakati wa UE hiyo si nyingi. Nje kuna vimbweta, yale meza na mabenchi ya zege chini ya miti, jina ambalo wengi hulihusisha na Profesa Tolly Mbwette, mhandisi aliyefundisha Mlimani kabla ya kuongoza Chuo Kikuu Huria. Kimbweta ni cha majadiliano: watu wanne hadi sita, kila mmoja na mada aliyoiandaa. Wakizidi hapo wanakuwa baraza la kahawa.

Tena majadiliano yetu yana mtego wa lugha. Mhadhara ni kwa Kiingereza, kimbweta ni kwa Kiswahili, mtihani unarudi kwa Kiingereza. Mtu anaelewa kabisa, anawaelewesha wengine, kisha kwenye chumba cha mtihani anatafuta sentensi haioni. Kwa kozi zisizo za Kiswahili, robo saa ya mwisho ya majadiliano kila mmoja aandike jibu kamili la swali moja kwa lugha ya mtihani, halafu mbadilishane karatasi. Inachosha. Ndiyo sehemu pekee ya majadiliano inayofanana na UE.

UE, na kinachofuata

Madaraja: A ni 70 na kuendelea, pointi 5, B+ ni 60 hadi 69, pointi 4, B ni 50 hadi 59, pointi 3, C ni 40 hadi 49, pointi 2. D, 35 hadi 39, ina pointi 1 lakini si kufaulu, unasapu. GPA ni wastani uliopimwa kwa krediti, na inakatwa kwenye desimali moja bila kukadiriwa juu: 3.49 ni 3.4. Daraja la pili la juu linaanzia 3.5. Kozi tano zenye krediti sawa ukipata B+ tatu, B moja na C moja, pointi ni 17, gawa kwa 5, ni 3.4. Ile B ingekuwa B+, ungekuwa na 3.6. Kati ya 59 na 60 kuna daraja zima la shahada, na alama hiyo moja mara nyingi ni ile kazi ya kikundi iliyokosa jina lako.

Ukisapu na kufaulu, unaandikiwa C hata kama umepata 90. GPA ya mwaka ikishuka chini ya 1.8 kabla ya sapu, hakuna sapu, umedisko, yaani umeondolewa chuoni. Kwa sababu hiyo ukiugua kweli, usijikaze kuingia chumba cha mtihani ukitetemeka. Nenda kituo cha afya cha chuo, pata maandishi, omba kuahirisha kabla ya mtihani kuanza. Mtihani maalumu, yaani ule ulioahirishwa, huhesabiwa daraja lake kamili. Sapu haivuki C. Wanaojikaza hupewa pole, halafu hupewa C.

Deni la ada hukunyima namba ya mtihani, na foleni ya kulitatua asubuhi ya mtihani wa kwanza huwa ndefu kuliko mtihani. Simu iache nje ya chumba. Hata iliyozimwa mfukoni ni udanganyifu, na hakuna aliyewahi kumshawishi msimamizi kwa kueleza kwamba chaji iliisha.

Sapu hufanyika mwishoni mwa likizo ndefu, na hapo zile kalenda mbili zinaachana kabisa. Bumu halitembei likizoni. Mwenye mkopo wa mafunzo kwa vitendo anapata posho ya wiki zake za PT, wengine hawana kitu. Wakati huohuo pango linatembea. Miezi sita uliyolipa Novemba inaisha mwisho wa Aprili, katikati ya semesta ya pili; ukilipa sita mingine, karibu nusu yake inaangukia miezi ambayo uko kwenu Kahama au Masasi unalima. Afadhali uzungumze na mwenye nyumba mapema, Machi hivi, umwombe alipwe miezi mitatu inayofika mwisho wa Julai. Akikataa, mtafute mwanafunzi anayefanya PT jijini na anahitaji pa kulala kuanzia mwishoni mwa Julai, mpeleke akamwone mwenye nyumba uso kwa uso, na mwandikishane kwa karatasi nani analipa LUKU.

Ile ndoo ya unga mwachie, lakini muuzie.